Baada ya Kikao, Nani Anarudi kwa Mzee?

Swali: Naratibu kwa kujitolea kikundi cha watu tisa kinachosaidia wazee wanaofanyiwa ukatili. Tuna muuguzi, ofisa ustawi wa jamii, polisi, wakili, mfanyakazi wa benki, viongozi wawili wa dini na wazee wawili. Tunakutana kila mwezi na mazungumzo huwa mazuri, lakini mwezi unaofuata tunakuta karibu hakuna kilichofanyika. Sasa tuna mama wa miaka 78. Mwanawe anayeishi naye anamchukulia fedha, na mara mbili amempiga. Mama ametuambia hataki mwanawe afungwe. Nusu ya kikundi wanataka tukaripoti hata kama hataki, nusu wanasema basi tumwache. Nifanye nini?

Jibu: Ndugu mratibu, barua yako ina maswali mawili, la kikundi kisichotekeleza na la mama asiyetaka mwanawe afungwe. Nimeisoma mara kadhaa, na kwangu mimi chanzo cha yote mawili ni kimoja: kati ya watu tisa hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ni kurudi kwa huyu mama. Ninyi nyote mnazijua habari zake, lakini yeye hajui nani kati yenu ni wake.

Somo hili nililipata kwa gharama ya mtu mwingine. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi ya uratibu, tuliletewa habari za mzee wa miaka themanini na kitu aliyevunjika mkono. Kila mjumbe alilichukua jambo kwa moyo. Ndani ya siku kumi alitembelewa na muuguzi, ofisa ustawi, polisi, wakili na kiongozi wa dini, kila mmoja kwa siku yake, na kila mmoja akamwomba aanze mwanzo. Mimi nilifika wa sita. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ameupakata mkono uliofungwa plasta kama mtu aliyeshika mtoto mchanga. Kabla sijakaa akasema, "Andika nilianguka."

Nilipotoka ndipo nikauangalia mlango. Komeo lilikuwa upande wa nje, jipya, skrubu zake bado zinang'aa. Watu watano walikuwa wamepita pale. Nilipowauliza baadaye, wawili walikiri kwamba waliliona, na kila mmoja alidhani mwenzake ameliandika. Yule mzee hakutueleza tena lolote. Sikumlaumu. Tulikuwa tumemchosha kwa huruma isiyo na utaratibu.

Nakueleza haya ili ujue kwamba kasoro ya kikundi chako haiko katika nia za watu, na haitaondoka kwa kuwahimiza wajitolee zaidi.

Ukubwa wa tatizo unajulikana vya kutosha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila watu 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi wanaoishi katika jamii, mmoja hufanyiwa ukatili wa aina fulani katika mwaka mmoja: kupigwa, kutukanwa na kutishwa, kunyang'anywa mali, kuingiliwa kimwili, kutelekezwa. Idadi inayofika mbele ya mtu anayeweza kusaidia ni ndogo mno. Utafiti uliofanywa katika jimbo la New York na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kwa kila kesi moja iliyofika kwenye ofisi au huduma yoyote, nyingine 24 hivi hazikujulikana. Sababu si fumbo. Anayempiga mzee mara nyingi ndiye huyo huyo anayemletea maji, anayemshika mkono kwenda msalani, anayejua dawa zake zilipo. Kumsema ni kujiondolea mikono pekee uliyonayo. Kwa hiyo kesi iliyofika kwenu, kama ya mama huyu, imevuka vikwazo vingi. Mkiipoteza njiani, hairudi kwa urahisi.

Wala kusubiri si jambo dogo. Watafiti waliofuatilia wazee wa New Haven, Marekani, kuanzia mwaka 1982 kwa muda wa miaka 13 walikuta kwamba mwisho wa kipindi hicho, kati ya wale waliothibitika kufanyiwa ukatili, waliobaki hai walikuwa asilimia 9 tu, wakati kwa wazee wengine ilikuwa asilimia 40. Hata baada ya kuzingatia maradhi na udhaifu wa mwili, hatari ya kufa ilikuwa takriban mara tatu. Huwa naikumbuka tarakimu hiyo kila ninaposikia mtu akisema, "Hili tulipeleke kikao kijacho."

Sasa tuingie kwenye kazi. Kila kesi iwe na mshika kesi mmoja. Usimchague kwa cheo chake. Mchague kwa kuangalia mzee anafunguka kwa nani. Anaweza kuwa muuguzi, anaweza kuwa mmoja wa wale wazee wawili mlio nao. Huyu ndiye anayekwenda, ndiye anayesikia habari nzima mara moja na kuiandika, na wengine wote wakihitaji kitu kwa mzee wanapitia kwake. Polisi akihitaji maelezo rasmi, mshika kesi anampeleka na kukaa karibu. Wakili akihitaji hati, mshika kesi anaitafuta pamoja na mzee. Na kila baada ya kikao anarudi kumweleza mzee kilichosemwa juu yake. Ukitaka kujua kama kikundi kinafanya kazi, muulize mzee swali moja: nani anakuja kwako, na atarudi lini? Akijibu kwa jina na siku, mko vizuri.

Wewe mratibu usiwe mshika kesi wa kila mtu. Najua kishawishi hicho, maana ndiyo njia rahisi ya kuhakikisha mambo yanafanyika, na ndiyo inayowachosha waratibu hadi wanaacha. Kazi yako ni kuzishika nyuzi zote mkononi: nani aliahidi nini, ameishia wapi, nini kimemkwamisha. Mpigie simu katikati ya mwezi. Kukwama kwake mara nyingi ni kwa jambo dogo, sahihi ya mkubwa wake wa kazi au fomu isiyopatikana, na mjumbe mwingine analimaliza siku hiyo hiyo.

Nunua daftari lenye safu tatu: nani, nini, lini. Halafu lipige marufuku kikaoni neno moja, nalo ni "tutafuatilia". Kile kiambishi "tu" kimebeba watu tisa na hakuna hata mmoja ndani yake. Muhtasari wenye "tutafuatilia" mara kumi ni kazi kumi zisizo na mwenyewe. Mjumbe aseme "nitakwenda Jumanne", wewe uandike jina lake na Jumanne. Mara ya kwanza watu wataona unawabana. Vumilia, baada ya vikao viwili au vitatu wataona tofauti wenyewe.

Kikao cha mwezi mmoja mmoja kinafaa kwa kupitia kesi zinazokwenda taratibu, hakifai kwa mtu aliyepigwa wiki hii. Wekeni utaratibu wa kikao kidogo: mshika kesi, wewe, na mjumbe mmoja au wawili wanaohusika, kikutane ndani ya siku moja au mbili, hata kwa simu, kwa dakika 20. Kituo cha kwanza cha wataalamu wa fani mbalimbali wanaochunguza pamoja kesi za ukatili dhidi ya wazee, kilichoanzishwa Orange County, California, Marekani, mwaka 2003, kiliwakutanisha madaktari, polisi, ofisa ustawi na waendesha mashtaka kila wiki, na wataalamu wake walikwenda kumwona mzee nyumbani badala ya kujadili faili peke yake. Utafiti uliofanywa baadaye kwenye kituo cha namna hiyo huko Los Angeles ulionyesha kwamba kesi za kunyang'anywa mali zilizopitia kwenye timu zilifika kwa mwendesha mashtaka mara nyingi zaidi kuliko zile zilizoshughulikiwa kwa njia ya kawaida. Ninyi hamna fedha za kuendesha kituo. Lakini kukutana upesi na kumfuata mzee alipo hakuhitaji jengo.

Kuhusu wajumbe wako, niseme zaidi juu ya wale ambao naona vikundi vingi haviwatumii ipasavyo.

Muuguzi ni macho yenu. Watafiti waliwahi kuwachunguza wazee kila siku ili kuona damu iliyovilia kwa bahati mbaya hutokea wapi mwilini. Karibu asilimia 90 ilikuwa mikononi na miguuni. Haikuonekana kabisa shingoni, masikioni, sehemu za siri, matakoni wala kwenye nyayo. Uchunguzi uliofuata, wa wazee waliokuwa wamepigwa, ulikuta alama kubwa zaidi, zaidi ya nusu ya walioviliwa wakiwa na angalau moja ya sentimita 5 au zaidi, na zikitokea zaidi usoni, ubavuni mwa mkono na mgongoni. Rangi ya alama haisemi ni ya lini, hivyo mtu asithubutu kusema "hii ni ya wiki mbili" kwa kuangalia umanjano wake. Na dawa za kuzuia damu kuganda humfanya mtu aviliwe kwa urahisi zaidi. Haya yote muuguzi anayajua au anaweza kuyathibitisha, wakili hawezi. Muuguzi achore umbo la mwili, aweke alama mahali pake, apime kwa rula, aandike maneno ya mzee kama alivyoyatamka. Tena mwambie aangalie kile ambacho hakionekani kama kipigo: vidonda vya kulala upande mmoja, midomo iliyokauka, dawa ambazo hesabu yake haiendani na tarehe zilizo kwenye pakiti.

Kuna jambo jingine ambalo muuguzi pekee ndiye atakayewaokoa nalo. Mzee aliyekuwa timamu wiki iliyopita na leo anachanganya maneno anaweza kuwa na maambukizi au dawa zimemzidi. Atibiwe kwanza. Nimeona hati za nyumba zikisainiwa katika siku tatu za homa, halafu familia ikasema mzee alikuwa "ameshapoteza akili" muda mrefu.

Mfanyakazi wa benki mtamwuliza akaunti ya mama ina nini, naye hawezi kuwaambia, na asiwaambie. Amefungwa na siri ya wateja. Mwombeni kile anachoweza: awafundishe dalili, kama vile fedha kutolewa kwa mfululizo usio wa kawaida, mtu mpya anayeongozana na mzee na kumjibia, sahihi iliyobadilika, na awaeleze njia ambazo mama mwenyewe akitaka anaweza kuzitumia kuifunga akaunti yake isiguswe na mwingine. Wakili naye aangalie mapema kama mama aliwahi kusaini hati ya kumpa mwanawe mamlaka ya kusimamia mali, na kama inaweza kufutwa. Mara nyingi inaweza, alimradi aliyeitoa bado ana uwezo wa kuamua.

Kwa viongozi wa dini nasema kwa heshima zote, kwa kuwa wengi wao ndio wa kwanza kuaminiwa na wazee: msiitishe suluhu. Kumketisha mama mbele ya mwanawe na kuwataka wasameheane ni kumwomba aseme ndiyo mbele ya mtu atakayelala naye nyumba moja usiku huo. Atasema ndiyo. Mtafurahi, mtaomba dua, na kesho atalipia. Kiongozi wa dini anaweza kufanya mengi mazuri, hasa kumwondolea mama hisia kwamba kusema ni kumlaani mwanawe. Suluhu si kazi ya kikundi hiki.

Siri za watu wekeeni maandishi. Kila mjumbe asaini kwamba linalosemwa kikaoni linabaki pale, na mjumbe mwenye undugu au biashara na upande wowote atoke kesi hiyo inapojadiliwa. Msitaje jina la mzee kwenye makundi ya simu. Simu hupotea, na ujumbe husambaa. Mjumbe apewe kile tu anachokihitaji ili afanye sehemu yake, na mzee aelezwe tangu mwanzo nani ataambiwa nini. Hapo kuna ukweli mmoja mgumu ambao msimfiche: katika nchi nyingi watu wa kazi fulani, wakiwemo wauguzi na maofisa ustawi, wanalazimishwa na sheria kuripoti wanachokiona. Wakili wenu awaandikie ukurasa mmoja unaosema nani kati yenu analazimika na kwa jambo gani. Kisha mzee aambiwe hivyo kabla hajaanza kusimulia. Mzee akigundua baadaye, atajiona amesalitiwa mara ya pili.

Nije sasa kwa mama.

Kikundi chako kimegawanyika kati ya kumlazimisha na kumwacha, nami sioni kwamba kimoja kati ya hivyo viwili ni jibu. Mama hakusema hataki msaada. Amesema hataki mwanawe afungwe. Hayo ni maneno mawili tofauti, na aliyeyasikia kama moja hakukaa naye muda wa kutosha.

Kabla ya lolote jiridhisheni kwamba alisema hivyo akiwa huru. Je, mwana alikuwa chumba cha pili? Je, alijua ataishi na nani mwana akiondoka? Halafu kama anaelewa uamuzi wenyewe na matokeo yake. Umri wa miaka 78 haumwondolei mtu uwezo wa kuamua, na hata kusahausahau hakumwondolei wote. Uwezo hupimwa kwa uamuzi mmoja mmoja: mtu anaweza kushindwa na hesabu za mkopo lakini akajua sawasawa nani hataki alale chini ya paa lake. Zungumzeni naye saa ambayo akili yake imetulia, kwa wengi ni asubuhi, akiwa na miwani yake na kifaa chake cha kusikia kama anacho. Mkibaki na shaka ya kweli, mtafuteni daktari ampime rasmi. Msipige kura kikaoni juu ya akili ya mtu.

Ikiwa anaelewa na yuko huru, uamuzi ni wake, hata kama unakuuma. Mbali na kile ambacho sheria inamlazimisha mjumbe kuripoti, kuna mpaka mmoja: kukabwa shingo, silaha, kutishiwa kuuawa, majeraha makubwa, kunyimwa dawa au chakula. Hapo mnaripoti siku hiyo hiyo, na mshika kesi ndiye anayemwambia mama uso kwa uso kwamba mnaripoti na kwa nini. Chini ya mpaka huo bado mna kazi kubwa. Mama anaweza kuamua fedha zake ziingie mahali ambapo bila yeye hazitoki. Anaweza kuwa na mkoba mdogo kwa jirani anayemwamini, wenye dawa za siku kadhaa, nakala za hati zake, miwani ya akiba na namba za simu zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Anaweza kukubaliana na jirani huyo juu ya ishara, pazia fulani likibaki limefungwa hadi asubuhi basi mtu aje abishe hodi. Ajue atalala wapi usiku akilazimika kutoka. Mpango huo andikeni pamoja naye, kwa maneno yake, na usikae nyumbani mwake kama mwana anaweza kuuona.

Na mwana. Katika kesi nyingi za mtoto mzima anayemtesa mzazi, mtoto ndiye anayemtegemea mzazi kwa makazi na fedha, na nyuma yake kuna pombe, dawa za kulevya, maradhi ya akili au kukosa kazi. Hilo halimwondolei hatia, lakini linaonyesha mahali pa kushika. Sheria ya Japani ya kuzuia ukatili dhidi ya wazee, iliyopitishwa mwaka 2005, iliweka katika jina lake lenyewe pia kuwasaidia wanaowatunza wazee. Waliona kwamba kumlinda mzee na kumshughulikia anayeishi naye ni kazi mbili zinazokwenda pamoja. Mjumbe mwingine, si mshika kesi wa mama, azungumze na mwana: atapata wapi matibabu, kazi, pa kuishi kwingine. Asitumie hata neno moja ambalo mama alilisema faraghani. Mkimtuma mtu mmoja kwa wote wawili, mama atanyamaza, na atakuwa na sababu.

Msimpe muda wa mwisho wa kubadili msimamo. Baadhi ya waliokataa hatua za kisheria mara ya kwanza huzikubali baadaye, wakishaona kuna mtu anayerudi bila kuwasukuma. Wengine hawakubali kamwe, lakini fedha zao zinaacha kuchukuliwa na usiku wanalala. Huo pia ni msaada, uandikeni hivyo kwenye daftari.

Usingoje kikao cha mwezi ujao. Chagua mshika kesi wa mama wiki hii, uwaulize wale wazee wawili kwanza. Aende saa ambayo mwana hayupo, asibebe fomu, amwulize: "Mama, ungependa nini kiwe tofauti kesho ukiamka?" Jibu aliandike kama lilivyotoka. Kikao kianze kwa kulisoma kwa sauti, kabla mtu yeyote hajasema la kwake.